Roboti na watoto wenye usonji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni ya wazazi, walimu wa vitengo vya elimu maalumu, na wanafunzi wa vyuo wanaopanga utafiti Mbeya, Iringa, Njombe na mikoa ya jirani. Anayetaka kuunda aruke hadi kwenye vifaa. Anayetafuta kibali aende karibu na mwisho.

Je, roboti inatibu usonji?

Hapana. Usonji si ugonjwa wa kupona kwa dawa wala kwa mashine. Ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo, na mtu huishi nao maisha yake yote. Kinachotafitiwa ni kidogo kuliko hicho: kama roboti inaweza kumsaidia mtoto kufanya mazoezi ya stadi moja moja, kwa mfano kusubiri zamu, kuiga kitendo, kufuata kitu anachoonyeshwa, au kusalimia. Akija mtu na roboti ya kuponya, funga pochi yako.

Sasa kwa nini roboti na si mtu?

Kwa sababu mtu habaki vilevile. Leo mwalimu kavaa kilemba, kesho ana mafua, kesho kutwa ana haraka na sauti imepanda. Watoto wengi wenye usonji huchoshwa na mabadiliko hayo madogo madogo ambayo sisi hatuyaoni. Roboti hurudia neno lilelile, kwa sauti ileile, mara ishirini, bila kukunja uso. Sura yake ina vitu vichache vya kusoma, na inachokifanya kinatabirika.

Hoja hiyo haiwahusu watoto wote. Wapo wasioijali roboti kabisa, wapo wanaoiogopa, na wapo wanaopenda taa yake tu na hawana haja na kingine. Kundi hili la mwisho ndilo linalowapotosha watafiti wapya: mtoto anakaa dakika kumi akiitazama taa, na daftari linaandikwa “amevutiwa sana”. Kuvutiwa na taa si kuwasiliana.

Utafiti huu ulianza wapi?

Mara nyingi historia yake huanzia Edinburgh mwaka 1976, ambako Sylvia Weir na Ricky Emanuel walimpa mvulana mmoja mwenye usonji kijiroboti cha kutambaa sakafuni kilichoitwa kobe, akawa anakiongoza kwa amri za Logo, lugha ya kompyuta. Mwaka 1998 Kerstin Dautenhahn alianzisha mradi wa AURORA nchini Uingereza, na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Hertfordshire kikatoa Kaspar, roboti ya ukubwa wa mtoto mdogo yenye sura iliyorahisishwa na vihisi vya mguso: ukiitekenya inacheka, ukiipiga inasema inaumia. Japani, Hideki Kozima alitengeneza Keepon, kidude cha njano cha sentimita 12 hivi chenye macho mawili na pua, kinachoweza kugeuka, kuinama, kuyumba na kurukaruka, basi.

Utafiti unaofaa kusomwa kwanza na anayetaka kuanza leo ni ule wa Brian Scassellati na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, uliochapishwa mwaka 2018. Watoto 12 walikaa na roboti nyumbani kwa mwezi mmoja, dakika 30 kila siku, wakicheza nayo pamoja na mzazi. Kipimo kilikuwa namna mtoto anavyofuatilia kitu pamoja na mtu mzima wakati roboti haipo, na watoto waliboreka. Lakini ni watoto 12, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Sehemu kubwa ya tafiti za eneo hili ina udhaifu huohuo: watoto wachache, muda mfupi, vipimo vinavyotofautiana. Kwa hiyo anayekuambia “utafiti umethibitisha”, muulize ni watoto wangapi, kwa muda gani, na kipimo kilichukuliwa roboti ikiwa imewashwa au imezimwa.

Tununue roboti gani?

Kabla ya kuuliza gani, uliza itaishi muda gani. NAO ya Ufaransa, yenye urefu wa sentimita 58, ndiyo iliyotumika kwenye maabara nyingi, lakini mwaka 2025 kampuni iliyoitengeneza iliingia kwenye ufilisi. Jibo, iliyotumika kwenye utafiti wa Yale, ilitangaziwa mwaka 2019 kwamba seva zake zitazimwa. Moxie iliuzwa dola 799 za Marekani kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 10. Kampuni yake ikatangaza kufunga milango Desemba 2024, na kwa kuwa akili ya roboti ilikuwa kwenye seva za kampuni, wazazi wakaanza kutafuta namna ya kuwaeleza watoto kwa nini rafiki yao ataacha kuzungumza. Kwa mtoto ambaye kuhamishwa kiti tu kunamvurugia siku, hilo si jambo dogo.

Jaribio la dukani ni rahisi: zima intaneti kabisa, kisha washa roboti. Kinachofanya kazi hapo ndicho ulichonunua. Kingine umekodi.

Pia uliza kama sauti zake zinaweza kubadilishwa na kuwekwa zako. Roboti inayojua Kiingereza tu haina kazi kwenye darasa la Tukuyu.

Bajeti yetu ni ndogo. Tuanze na nini?

Na kikaragosi cha mkononi. Hatutanii. Shona kikaragosi cha kitambaa, andika mazungumzo yake, na uyafanye na mtoto kwa wiki mbili. Utagundua sentensi zipi ni ndefu, mtoto anapenda kitu gani, na mwalimu anachoka dakika ya ngapi. Hayo yote utayahitaji hata ukiwa na roboti ya mamilioni. Tena kikaragosi ndicho mlinganisho wa haki kwenye utafiti: kama mtoto anaendelea sawasawa na kikaragosi, mradi hauhitaji roboti, na hilo ni tokeo halali la kuandika kwenye ripoti.

Tunataka kuunda wenyewe. Vifaa gani vinatosha?

Roboti ya mezani ya kukaa, urefu wa sentimita 30 hadi 40, yenye kichwa kinachogeuka na kuinama na mkono mmoja unaoinuka. Mijongeo mitatu inatosha kwa karibu kila zoezi lililoelezwa hapa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa umeme au kompyuta pale MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) anaimudu.

Utahitaji bodi moja ya Arduino Nano (kikompyuta kidogo cha kuendesha vifaa), mota tatu za sevo za gramu 9 (chagua zenye gia za chuma kwa shingo, za plastiki huliwa meno mtoto akigeuza kichwa kwa nguvu), kichezeshi cha sauti cha DFPlayer Mini, kadi ya memori isiyozidi GB 32, spika ya ohm 8 wati 3, na betri 4 za AA za kuchaji ambazo kwa pamoja hutoa volti 4.8. Mwili ni sponji ya godoro. Nguo yake iwe ya pamba, ya rangi moja iliyotulia. Kitenge ni kizuri, lakini michoro yake inamshughulisha mtoto kuliko uso wa roboti. Ishone kwa namna ya kuvulika ili ifuliwe.

Yanayoharibika yanajulikana, na karibu yote yanatokana na umeme:

Bodi inajizima na kujiwasha kila mkono unapoinuka. Hiyo ni kwa sababu mota zinakula umeme wa bodi. Sevo ndogo ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya nusu ampea, wakati tundu la kawaida la USB la kompyuta hutoa nusu ampea kwa vyote. Zipe mota betri zake, bodi chanzo chake, unganisha nyaya hasi za vyanzo vyote viwili, na weka kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1000 kwenye njia ya umeme wa mota. Hasi zisipounganishwa, mota zitatetemeka ovyo na utatafuta kosa kwenye programu siku nzima.

Pawabenki inazima yenyewe katikati ya kipindi. Nyingi zikiona umeme unaovutwa ni mdogo hudhani simu imejaa. Tumia isiyo na tabia hiyo, au lisha bodi kwa betri.

Spika inavuma. Weka rezista ya kilo-ohm 1 kwenye waya unaotoka bodi kwenda pini ya RX ya kichezeshi.

Sauti inayotoka siyo uliyoiagiza. Fomati kadi kwa FAT32, fungua folda iitwayo mp3, na zipe faili majina ya tarakimu nne: 0001.mp3, 0002.mp3, na kuendelea. Usiache faili nyingine humo.

Kichwa kinageuka ghafla. Kasi ya sevo ikiachwa hivyohivyo inamshtua mtoto. Isogeze nyuzi moja kila milisekunde 25, hivyo kugeuka nyuzi 60 kuchukue sekunde moja na nusu.

Mota zinalia. Mlio wa sevo iliyosimama ni mwembamba, na mtu mzima huuzoea baada ya dakika moja; mtoto mwenye masikio makali hauzoei. Kata ishara ya mota kila inapomaliza kusogea. Hapo kichwa lazima kiwe chepesi, vinginevyo kitaanguka mbele kama mtu anayesinzia.

Usalama: kusiwe na kitu cha kung'oka chenye upana chini ya milimita 32, na macho yasiwe vifungo. Betri bapa za saa zisitumike popote, kwa kuwa zikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache. Taa zisiwe za kumetameta: usonji na kifafa huandamana mara nyingi, na mwanga wa kumeta unaweza kuleta degedege. Taa ya macho iwake mfululizo, hafifu, nyuma ya kitambaa.

Roboti inajuaje la kusema? Tuweke akili bandia?

Msiweke, angalau mwanzoni. Kompyuta kutambua usemi wa mtoto ni kazi ngumu hata kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili cha mtoto wa miaka mitano mwenye usemi usiokamilika, ndani ya chumba cha bati chenye mwangwi, itakosea mno. Roboti inayojibu tofauti na alichosema mtoto imepoteza sifa pekee iliyoifanya iwe na maana, yaani kutabirika.

Tumia kibonyezeo. Mtu mmoja anakaa pembeni na vitufe sita: kulia, kushoto, mbele, inua mkono, salimia, sifu. Cha saba ni kikubwa, chekundu, cha kuzima vyote. Mtindo wa mtu kuiendesha roboti kutoka pembeni ni wa kawaida katika tafiti za aina hii na si udanganyifu, mradi mzazi anajua na ripoti inasema. Mwendeshaji asiwe mwalimu anayekaa na mtoto. Kazi hizo mbili hazifanywi na mtu mmoja.

Sauti iwe ya nani, na kwa lugha gani?

Ya mtu halisi, iliyorekodiwa mahali pakimya kwa simu nzuri. Sentensi iwe na maneno mawili hadi manne. Lugha ni ile anayosemeshwa mtoto nyumbani. Kama bibi ndiye mlezi na anazungumza Kinyakyusa au Kihehe, rekodi kwa lugha hiyo, na usiwaambie wazazi wahamie Kiswahili ili “wasimchanganye mtoto”. Kubadili lugha ya nyumbani kunamnyima mtoto maongezi ya watu wanaompenda.

Jihadhari na maswali kwa mtoto anayerudia maneno. Roboti ikiuliza “Unataka mpira?”, atajibu “Unataka mpira”, na atakapoutaka mpira wiki ijayo atasema hivyohivyo, akimaanisha yeye. Badala ya swali, toa mfano: roboti inyooshe mkono na kusema “Nataka mpira”, mwalimu aipe mpira, kisha zamu ya mtoto.

Roboti imsalimie mtoto vipi?

Hapa programu za nje hukwama, na inafaa kulikalia swali hili. Salamu ya Kiingereza ni ya pande mbili zilizo sawa: huyu anasema, yule anarudisha lilelile. Shikamoo haiko hivyo. Inapanda kutoka kwa mdogo, marahaba inashuka kutoka kwa mkubwa, na maneno hayo hayabadilishani nafasi. Ukiiweka roboti imwamkie mtoto shikamoo, mtoto atajifunza kusema marahaba, na jioni atamjibu nayo bibi yake. Ukiiweka roboti iitikie marahaba, umemfundisha kuamkia mwanasesere.

Njia inayofaa ni kuifanya roboti rika la mtoto, ikae upande wake wa meza, wote wawili wakimwelekea mwalimu. Mwalimu anaingia. Roboti inageuza kichwa kwake na kusema, “Shikamoo mwalimu.” Mwalimu anaitikia “Marahaba”, anaigusa mkono, kisha anamgeukia mtoto na kusubiri sekunde tano akiwa kimya. Mtoto akisema chochote, hata “...moo”, au akiinua mkono tu, anaitikiwa kwa uzito uleule. Kati ya roboti na mtoto salamu ni “Mambo” na “Poa”. Baada ya wiki mbili mwalimu anabadilishana na mtu mwingine mzima, mpishi au mlinzi, ili salamu isibaki kuwa ya mtu mmoja. Palipo na desturi ya Kamwene au Ugonile, fuata ya nyumbani kwa mtoto.

Tumfundishe kutazama machoni?

La. Vipimo vingi vya nje huhesabu mara ngapi mtoto alimtazama mtu machoni. Kwetu mtoto mwenye adabu huamkia akiwa ameinamisha macho, kwa hiyo kipimo hicho kinampa alama mbaya mtoto aliyelelewa vizuri. Na hata huko nje, watu wazima wenye usonji wameeleza kwa muda mrefu kwamba kulazimishwa kutazama macho kunawaumiza na kunawazuia kusikiliza. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji. Pima kama mtoto anageuka kuelekea kitu anachoonyeshwa, au anamletea mtu kitu ili wakitazame wote. Hilo halidai macho kwa macho.

Kipindi kimoja kinaendaje?

Dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa wiki, saa ileile, chumba kilekile, kabla ya chai ya saa nne. Kwenye meza: roboti, vitu viwili anavyovipenda mtoto, na picha tatu zinazoonyesha mwanzo, mchezo, mwisho.

Zoezi la kufuata kinachoonyeshwa lina ngazi nne. Kwanza roboti inageuza kichwa tu kuelekea mpira, na mnasubiri sekunde tano. Asipofuata, roboti inageuka tena na kusema “Tazama!” Asipofuata, inainua mkono kuelekea mpira. Asipofuata, mwalimu anausogeza mpira mwenyewe. Ngazi yoyote atakayofuata, mpira unabiringishwa kwake papo hapo. Andika namba ya ngazi, usiandike “vizuri” au “vibaya”. Mara sita kwa kipindi zinatosha.

Kosa la kawaida ni haraka. Sekunde tano za ukimya ni ndefu kwa mtu mzima, na mwalimu hujaza pengo kwa “haya, tazama, tazama mpira, ule pale”. Mwendeshaji ahesabu kimoyomoyo na amwonyeshe vidole.

Kila dakika tatu za roboti zifuatwe na dakika moja ya mtoto na mwalimu wakifanya jambo lilelile roboti ikiwa imetulia. Ukiruka hapo, unafundisha urafiki na mashine.

Mtoto anaiogopa.

Mlikwenda haraka. Siku ya kwanza roboti iwe imezimwa, mezani, mita mbili kutoka alipo, mlango wazi, mzazi ndani. Aiguse akitaka. Siku ya pili taa ya macho tu. Ya tatu kichwa kinageuka mara moja, bila sauti. Sauti inakuja mwisho, chini ya sauti ya maongezi ya kawaida. Akiziba masikio, akianza kujiumiza au kukimbilia mlangoni, kipindi kimekwisha, na hakuna wa kumrudisha. Baada ya majaribio matano ya hivyo bila mabadiliko, roboti haimfai mtoto huyo.

Na akiipiga?

Itulie kimya sekunde kumi, uso chini, kisha mchezo uendelee. Roboti ikilia kwa kelele ikipigwa, watoto wengine watapiga zaidi ili waisikie tena.

Tutajuaje kama inasaidia?

Kwa kuhesabu kabla. Chagua tendo moja linaloonekana, kwa mfano “mtoto anaanzisha mwenyewe: analeta kitu, anaonyesha kwa kidole, au anamshika mtu mkono”. Rekodi dakika 10 za mchezo wa kawaida na mtu mzima, bila roboti, katika vipindi vitano. Gawa kila rekodi kwa vipande vya sekunde 15, utapata 40. Kila kipande ni ndiyo au siyo. Watu wawili wahesabu bila kuonana: wakikubaliana vipande 34 kati ya 40, ni asilimia 85. Chini ya asilimia 80, fafanueni upya tendo lenyewe kabla ya kuendelea.

Ukiwa na watoto watatu, usiwaanzishe siku moja. Wa kwanza aanze roboti baada ya vipindi 5 vya kuhesabu, wa pili baada ya 8, wa tatu baada ya 11. Kila mmoja akibadilika pale tu roboti inapoingia kwake, una hoja. Wakibadilika wote kwa pamoja, huenda ni mwalimu mpya au mwisho wa mvua.

Wiki mbili za kwanza zina ugeni. Karibu kila mtoto huchangamka. Usichore mstari kutokana na hizo. Na hesabu inayobeba uzito ni ya mwisho: mtoto, mtu mzima, roboti ikiwa kabatini.

Hali ya hewa ya huku inaathiri nini?

Mvua ya Desemba hadi Aprili juu ya bati hufuta sauti zote, ya roboti na ya mwalimu. Panga vipindi asubuhi. Juni na Julai baridi ya Makete, Njombe na Uyole hupunguza nguvu ya betri: lala nazo chumbani, usiziache stoo, na betri za lithiamu zisichajiwe zikiwa kwenye ubaridi wa kuganda. Roboti iliyotoka kwenye baridi ikiingia chumba chenye moto hushika umande ndani. Iache nusu saa kabla ya kuwasha. Jiko la mkaa lisiwashwe kwenye chumba kilichofungwa, roboti iwepo isiwepo. Kiangazi vumbi huingia kwenye gia, hasa shule zilizo kando ya barabara za udongo. Funika kwa mfuko wa kitambaa kila baada ya kipindi.

Vibali gani vinahitajika?

Kibali cha maadili kupitia kamati ya chuo au taasisi yako, na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) ikiwa utafiti ni wa afya. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Kisha barua hushuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu, mkuu wa shule. Anza mapema, maana barua husubiri mezani. Ridhaa ya mzazi iandikwe kwa Kiswahili chepesi na isomwe kwa sauti. Ridhaa ya mtoto asiyesema ni mwili wake: akigeuka na kuondoka, amekataa.

Video tuziweke wapi?

Si kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Hapo ndipo siri za watoto zinapovujia, mara nyingi kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazipa taarifa za afya na za watoto ulinzi wa pekee. Rekodi kwa kamera isiyo simu ya mtu, hamishia kwenye diski yenye nywila siku hiyohiyo, futa kwenye kadi. Jina la mtoto libaki kwenye daftari moja linalofungiwa. Kwingine kote yeye ni M1, M2.

Mtoto wangu ana miaka miwili na hasemi. Nitafute roboti?

Tafuta kipimo cha masikio kwanza. Mtoto asiyesikia na mtoto mwenye usonji wote wanaweza kutoitika wakiitwa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ukiwa na kadi ya kliniki na video fupi ya mtoto akicheza nyumbani. Dodoso la M-CHAT-R lenye maswali 20 hutumika kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Linaonyesha nani achunguzwe zaidi, halitoi jibu la mwisho. Wakati unasubiri, kaa sakafuni naye, iga anachokifanya, taja vitu anavyovishika. Hayo hayangoji majibu ya hospitali.

Mradi ukiisha, roboti inaondokaje?

Kwa ratiba, na mtoto akiijua. Wiki nne kabla, punguza vipindi kutoka vitatu hadi viwili, kisha kimoja, na nafasi iliyoachwa ichukuliwe na mtoto mwenzake kwenye mchezo uleule. Tumia kalenda ya picha: siku yenye roboti ina picha yake, siku isiyo nayo ina picha ya mwenzake. Usimwambie imelala au imesafiri ikiwa hairudi. Sema “Roboti imemaliza kazi”, na urudie maneno hayohayo kila akiuliza. Kama roboti ni ya shule, mwachie mwalimu mkuu mchoro wa nyaya, programu kwenye kadi mbili, mota mbili za akiba na jina la fundi. Video zisizohitajika zifutwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa, na mzazi ajulishwe zimefutwa.